Hisabati, Kiswahili na Kilemba cha Ukoka

Wako wasomi wetu ambao wakisikia neno utamaduni hukumbuka ngoma, vinyago, mashairi na mavazi, na wakisikia neno hisabati hukumbuka chumba cha mtihani. Kwao vitu hivi viwili havikai katika nyumba moja. Utamaduni, wasemavyo, ni mali tuliyorithi kwa babu zetu. Hisabati ni mali ya wageni, ilikuja merikebuni pamoja na lugha yake, nasi hatuna budi kuipokea kama ilivyofungwa, bila kukata kamba. Makala haya yameandikwa ili kuyapinga mawazo hayo. Na kwa kuwa mabishano ya jumla hayamalizi jambo, nitachukua mfano mmoja tu, tena si mfano wa hesabu za sokoni ambazo kila mtu atakubali kwamba zinasemeka kwa Kiswahili, bali nadharia ya karne ya 20 ambayo hufundishwa vyuo vikuu, yaani nadharia ya Banach ya nukta tuli.

Nakumbuka kikao kimoja cha walimu ambapo mwalimu wa hisabati, mtu mwenye heshima zake, alisimama akasema kwamba Kiswahili kinaweza kufika mpaka mlango wa kidato cha nne, na kuanzia hapo lazima kivue viatu kingoje nje. Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Siku ile sikuwa na jibu lililo tayari. Hili ndilo jibu, ingawa limechelewa.

Chukua ramani ya Tanzania, ile ya karatasi inayotundikwa ukutani, uitandaze sakafuni katika darasa lolote lililo ndani ya nchi, liwe la Tabora, la Newala au la Bukoba. Si lazima kaskazini ya ramani ielekee kaskazini ya dunia, igeuze upendavyo. Nasema kwamba katika ramani hiyo iko nukta moja, wala si zaidi ya moja, ambayo imelala sawasawa juu ya mahali pale pale inapopaonyesha.

Sababu yake haihitaji kalamu. Ndani ya Tanzania imo ramani. Lakini ramani ni picha ya Tanzania nzima, kwa hiyo ndani ya ramani pana mahali panapoonyesha sakafu ile yenye ramani. Na hapo, kama mchoraji angekuwa na kalamu nyembamba kupita kiasi, ingeonekana ramani ndogo. Na ndani ya ile ndogo, nyingine ndogo zaidi. Na hivyo hivyo bila mwisho. Kwa kipimo cha moja kwa milioni mbili, nchi yenye upana wa kilomita 1,000 na ushei hugeuka karatasi ya nusu mita na ushei, na ramani ya pili haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Ramani hizi zimo moja ndani ya nyingine, na ukubwa wake unakwisha kabisa. Kwa hiyo zote kwa pamoja zinabana nukta moja tu. Nukta hiyo haihami. Je, haziwezi kuwa mbili? La hasha. Kama zingekuwa mbili, umbali baina yake katika karatasi ungekuwa sawa na umbali baina yake katika ardhi, na ramani ya namna hiyo isingekuwa ramani, ingekuwa nchi yenyewe.

Hapo msomaji amekwisha kusoma kiini cha nadharia ya Banach. Kilichobaki ni kuondoa ramani na kuacha fikra peke yake.

Umbali ni nini? Mwaka 1906 Mfaransa Maurice Fréchet, katika tasnifu yake aliyoitoa Paris, alijibu swali hili kwa namna ambayo ilikuwa mpya. Hakusema umbali unapimwa kwa kitu gani. Alisema tu ni masharti gani kitu kiyatimize ndipo kistahili kuitwa umbali: kwamba umbali wa kitu na kitu ni sifuri pale tu vitu hivyo vinapokuwa kimoja, kwamba kutoka hapa hadi pale ni sawa na kutoka pale hadi hapa, na kwamba kupitia kwa jirani hakuwezi kuifupisha njia. Kundi lolote la vitu lenye kipimo cha namna hiyo, yaani metriki, liliitwa baadaye na Mjerumani Felix Hausdorff, mwaka 1914, uwanja wa metriki. Vitu vyenyewe vinaweza kuwa nukta za ardhi, au namba, au mistari iliyopinda, au hata maneno ya kamusi, ikiwa tutahesabu herufi za kubadili ili neno moja ligeuke jingine.

Sasa nadharia. Ukiwa na uwanja kamilifu wa metriki, na kitendo kinachoipeleka kila nukta ya uwanja huo kwenye nukta ya uwanja uo huo, na ikiwa iko namba moja, tuiite k, ndogo kuliko 1, ambayo kwayo umbali baina ya nukta zozote mbili baada ya kitendo hauzidi k mara umbali wake wa kwanza, basi kitendo hicho kina nukta tuli moja tu. Na ukianzia popote na kukirudia kitendo bila kuchoka, utaikaribia nukta hiyo kadiri upendavyo.

Sentensi hiyo ni ya Kiswahili. Ni ndefu, lakini kwa Kifaransa pia ni ndefu. Neno metriki ndani yake ni la kukopa, nalo lina asili ya Kigiriki, hata Waingereza wamelikopa. Mwalimu yule wa kikaoni atasema: sawa, umeitamka, lakini je, unaweza kuifundisha? Na tuone.

Neno kamilifu linataka maelezo. Mwanafunzi achukue namba 1. Aigawe 2 kwa namba aliyo nayo, ajumlishe jibu na namba ile ile, kisha agawe kwa 2. Atapata 3/2. Arudie, atapata 17/12. Arudie tena, 577/408. Akigeuza jibu hili kuwa desimali ataona 1.4142157, na kipeo cha pili cha 2 ni 1.4142136. Hatua tatu tu! Kitendo hiki, kwa namba zilizo baina ya 1 na 2, hufinya umbali wowote usizidi nusu yake, na nukta yake tuli ni kipeo cha pili cha 2. Lakini tazama jambo lililojificha. Namba zote alizopitia mwanafunzi ni sehemu, yaani namba nzima juu ya namba nzima, na inajulikana tangu Wagiriki wa kale kwamba kipeo cha pili cha 2 si sehemu. Kwa hiyo mtu aliyefungiwa katika ulimwengu wa sehemu tu angetembea hatua baada ya hatua, kila hatua fupi kuliko iliyotangulia, akielekea mahali ambapo katika ulimwengu wake hapapo. Uwanja wa namna hiyo una matundu, nao si kamilifu. Uwanja kamilifu ni ule ambao safari ya hatua zinazobanana namna hiyo daima ina pa kufikia.

Na ile k, kwa nini iwe moja kwa uwanja wote? Hapa ndipo wanafunzi hodari hujikwaa, na walimu wengine pia. Husema: inatosha kila umbali upungue. Haitoshi. Chukua namba zote kuanzia 1 kwenda juu, na kitendo cha kuiongezea kila namba moja gawanya kwa namba hiyo. Umbali baina ya namba mbili hupungua kila mara. Lakini anza na 1: unapata 2, kisha 2.5, kisha 2.9, kisha 3.24 na ushei, na namba zinaendelea kupanda bila kutulia. Nukta tuli haipo, kwani ili namba isihame ingebidi moja gawanya kwa namba hiyo liwe sifuri. Kosa liko wapi? Mbele kabisa katika namba kubwa mfinyo unalegea, unakaribia kutofinya kabisa, na hakuna k moja iliyo chini ya 1 inayoweza kuutawala uwanja mzima.

Nimetumia Kiswahili kile kile ambacho mwalimu alikiambia kingoje nje. Sikuona kikiomba maji.

Lakini nani huyu Banach, na alitoka wapi? Swali hili si la pembeni. Stefan Banach alizaliwa Kraków mwaka 1892, wakati ambapo nchi iitwayo Poland haikuwapo katika ramani yoyote. Iligawanywa na madola matatu tangu mwisho wa karne ya 18, na uhuru wake ukarudi mwaka 1918 tu. Mjini Warsaw, sehemu iliyotawaliwa na Urusi, chuo kikuu kilifundisha kwa Kirusi mpaka mwaka 1915. Wapolandi walijua maana ya kuambiwa kwamba lugha yao haifai kwa elimu ya juu. Mwaka ule ule wa uhuru, kijana wao Zygmunt Janiszewski aliandika makala akipendekeza kwamba taifa changa na maskini lisitapanye nguvu zake. Wanahisabati wake wakusanyike katika tawi moja jipya, walimiliki, na waanzishe jarida lao wenyewe. Jarida hilo, Fundamenta Mathematicae, lilitoka mwaka 1920. Janiszewski hakuliona, alifariki mwezi Januari mwaka huo.

Banach aliitoa nadharia yake katika tasnifu ya mwaka 1920 katika mji wa Lwów, ambao leo ni Lviv nchini Ukraine, na ikachapishwa katika jarida hilo mwaka 1922. Kazi ya kurudia kitendo mpaka kitulie ilikuwapo kabla yake. Mfaransa Émile Picard aliitumia katika milinganyo tangu mwaka 1890. Alichofanya Banach ni kuona kwamba hoja nyingi zilizotawanyika zilikuwa hoja moja.

Hapa mpinzani wangu ataruka: makala ile ya mwaka 1922 ilichapishwa kwa Kifaransa! Ni kweli, wala sifichi. Wapolandi walipotaka kuwatangazia mataifa walichokigundua walitumia lugha za mataifa, kama mfanyabiashara atumiavyo fedha za kigeni bandarini. Lakini kufundisha walifundisha kwa Kipolandi. Kitabu kikubwa cha Banach kuhusu nadharia ya vitendo kilitoka kwanza kwa Kipolandi mwaka 1931, na kwa Kifaransa mwaka 1932. Mtu huyo huyo, akiwa tayari na sifa duniani, aliandika pamoja na Wacław Sierpiński na Włodzimierz Stożek vitabu vya hisabati vya shule za sekondari, kwa lugha ya watoto wa nchi yake. Stożek aliuawa na Wanazi mjini Lwów mwezi Julai 1941 pamoja na maprofesa wenzake. Banach mwenyewe aliponea chupuchupu, akafa kwa maradhi mwaka 1945. Mkoloni wa aina ile alijua vizuri kwamba ukitaka kuliua taifa anza na walimu wake.

Nasi? Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare katika miaka ya 1960, na hakuna aliyesema kwamba Shakespeare ni mwepesi kuliko hesabu. Tume ya Makweta, iliyotoa taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Pendekezo halikutekelezwa, na hata leo mtoto aliyejifunza kujumlisha kwa Kiswahili kwa miaka saba hupokewa kidato cha kwanza na hisabati ya lugha nyingine. Anaikariri. Anajua kutamka jina la kanuni kabla ya kujua kanuni inasema nini. Na mazoea hayo ya kuthamini jina kuliko kitu hayamwachi anapokua. Humfuata mpaka chuo kikuu, na huko hukuta ndugu zao.

Ndugu hao ndio sehemu ya pili ya ugomvi wangu.

Nadharia ya Banach ilipokwisha kujulikana, watu walianza kuuliza: je, masharti ya Fréchet yakilegezwa, nadharia itabaki? Swali ni halali. Manahodha wetu wa majahazi wangeweza kuliuliza. Nahodha akipima njia kwa siku za safari, wakati wa kusi kutoka Unguja hadi Lamu si sawa na kutoka Lamu hadi Unguja; mmoja anasukumwa na upepo, mwingine anaukabili au anangoja kaskazi. Kipimo chake kimekosa sharti la pili la Fréchet, na amekosa kwa sababu ya haki. Hali kadhalika Mwingereza Steve Matthews, mwaka 1994, alilegeza sharti la kwanza, akaruhusu kitu kiwe na umbali na nafsi yake, kwa kuwa alishughulika na programu za kompyuta ambazo katikati ya kazi huwa na majibu yasiyokamilika. Mwaka 1968 Mhindi R. Kannan alitoa sharti jingine la mfinyo, lisilodai hata kitendo kiwe endelevu, na mwaka 1975 P. V. Subrahmanyam akathibitisha kwamba sharti hilo linautambulisha ukamilifu wenyewe: uwanja wa metriki ambao kila kitendo cha Kannan kina nukta tuli, hauna budi kuwa kamilifu. Huo ndio upanuzi. Mlango umefunguliwa, na ndani pameonekana kitu.

Lakini uko upanuzi mwingine ambao mimi nauita kilemba cha ukoka. Mtu huchukua nadharia ya Banach, hubadili neno uwanja kwa neno la herufi mpya, hurudia uthibitisho ule ule mstari kwa mstari, kisha hupeleka makala jaridani. Yaliyotokea yanajulikana. Mwaka 1992 ilitolewa metriki ya nukta tatu kwa mpigo, iliyopewa herufi D. Zikafuata makala nyingi juu yake. Mwaka 2003 Zead Mustafa na Brailey Sims wakaonyesha kwamba madai mengi ya msingi kuhusu maumbile ya nyanja hizo si kweli. Wao wenyewe wakatoa nyingine mwaka 2006, herufi G, yenye kufanana na mzingo wa pembetatu, nayo kwa kweli imejengwa vizuri. Ikafuata mvua ya makala. Ndipo mwaka 2012 Mohamed Jleli na Bessem Samet wakauliza swali ambalo mwanafunzi wa sekondari angeweza kuuliza: kona mbili za pembetatu zikikutana, kunabaki nini? Kunabaki umbali wa nukta mbili, wa kawaida au ule wa nahodha usiolingana kwenda na kurudi. Na nadharia nyingi za G zilikuwa zile zile za zamani zilizovaa kanzu. Mwaka 2007 umbali ulipimwa kwa koni badala ya namba. Mwaka 2010 Wei-Shih Du akaonyesha jinsi ya kuurudisha kwenye namba, na nadharia ya mfinyo ikarudi nyumbani kwa Banach.

Mwaka 2000 Mwitalia Branciari aliweka sharti la pembe nne mahali pa sharti la pembetatu, akachukulia kwamba mengine yote yatabaki kama yalivyokuwa. Hayakubaki. Mwaka 2009 ulitolewa mfano wa uwanja wa namna hiyo ambamo mfuatano mmoja unakaribia nukta mbili tofauti kwa wakati mmoja. Nadharia yake ya mfinyo iliokolewa baadaye kwa uthibitisho wa uangalifu zaidi, lakini kwa miaka kadhaa watu walijenga juu ya sakafu ambayo hakuna aliyeigonga kusikia kama ni tupu.

Siwalaumu hao waliokosea. Kukosea hadharani na kusahihishwa hadharani ndiyo kazi ya elimu. Nawalaumu wanaohesabu makala. Mhadhiri kijana wa Afrika anapoambiwa kwamba cheo chake kitategemea idadi ya makala katika majarida ya ng'ambo, kazi ya herufi mpya ni ya haraka, na kazi ya kumweleza mwalimu wa Newala kwa nini k iwe moja haihesabiwi kabisa. Anafanya alichoagizwa. Hivyo akili zetu bora zinatumika kukivika kilemba kitu kilichokwisha kuvaa, na darasani kwetu mtoto bado anadhani kwamba metriki ni kipimo cha mita.

Anayesema Kiswahili hakiwezi na anayetunga uwanja usiohitajika wanafanya kosa moja. Wote wawili wanaamini kwamba elimu hupanda thamani kadiri inavyokuwa ngeni. Mpime mmoja kwa kumwomba aseme kwa lugha ya kawaida, na mwingine kwa kumwomba mfano mmoja ambao nadharia ya zamani inaushindwa na yake inauweza. Wengi watanyamaza.

Kuna wanaokubali yote haya, kisha wakasema: istilahi ziko wapi? Hoja hii naiheshimu, kwa hiyo nimalizie kwa istilahi moja. Nimeandika nukta tuli. Rafiki yangu mmoja aliyesoma rasimu ya makala haya alitaka niandike nukta thabiti, kwa kuwa neno hilo lina fahari zaidi. Nilimkatalia, na sababu ni ya hisabati, si ya sikio. Chukua kitendo cha kuzidisha kila namba kwa 2. Sifuri haihami, ni tuli. Lakini isukume kidogo, anza na 0.001, na kitendo kitakutupa mbali zaidi kila hatua: 0.002, 0.004, 0.008. Ni tuli lakini si thabiti. Katika nadharia ya Banach nukta ni tuli, na juu ya hayo ni thabiti, kwani ukisukumwa kutoka hapo kitendo chenyewe hukurudisha. Tukitumia neno thabiti kwa jambo la kwanza, tutakosa neno la kusemea la pili. Kiswahili kimetupa maneno mawili kwa vitu viwili, na rafiki yangu alitaka kulitupa moja. Tulibishana mpaka usiku, kwa Kiswahili, na mwishowe akaniomba ile ramani akajaribu kuigeuza sakafuni.